Namba Iliyomkataa Bi Riziki

Nyinyi vijana wa vibanda vya kompyuta hapa Magogoni mnanipita kila siku na shikamoo zenu, nami naitikia marahaba, na hamna habari kwamba mzee huyu naye aliwahi kuwasumbua watu kwa kompyuta. Mnazijua zile namba zilizopindapinda ambazo tovuti hukuamuru uzinakili ndipo ipokee fomu yako? Mimi niliziweka kwenye fomu miaka ya tisini ikielekea mwisho, kabla sijasikia kama kuna mtu mwingine duniani amewaza jambo hilo. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mkinisikiliza hadi mwisho mtaona kwamba sifa zote za habari hii zinakwenda Likoni.

Nilikuwa fundi katika kampuni moja ya malori huko Changamwe, upande wa kwenda uwanja wa ndege. Niliingia miaka ya themanini nikiwa wa teleksi, ile mitambo ya kupiga maandishi kwa waya, yenye kelele hata ukitoka kazini masikio yanaendelea kufanya kazi. Aliyenifundisha ni Mzee Kombo. Alikuwa mfupi, mpole, na hakupenda bisibisi. Fundi asiyependa bisibisi! Mimi nilikuwa na saba, nimezipanga mfukoni kwa ukubwa.

Wakati mmoja teleksi yetu ilikuwa ikikwama kila siku baada ya chakula cha mchana. Niliifungua, nikaitandaza mezani skrubu kwa skrubu, nikaifunga, ikakwama tena. Siku ya tatu Mzee Kombo akavuta kiti, akatia mikono mfukoni, akamwambia mama aliyekuwa akiupiga mtambo ule, "Fanya kazi yako tangu unapoingia mlangoni, mimi sipo." Yule mama akaingia, akasalimu, akatundika mkoba wake kwenye kijiti kimoja cha mtambo, akakaa. Asubuhi mkoba ulikuwa mwepesi. Mchana akirudi umejaa viazi na nyanya za sokoni. Kile kijiti ndicho kilichokuwa kikishika utepe wa karatasi, na uzito ule ulikipinda utepe ukakwama.

Mzee Kombo hakunicheka. Alisema tu, "Charo, mashine haikai peke yake. Ina mtu." Nilimpenda sana mzee yule, na nasema wazi kwamba nilimsahau siku nilipomhitaji zaidi.

Teleksi zilipozeeka zikaja kompyuta, na kampuni ikanipeleka kusoma. Nikarudi na cheti na kichwa kikubwa. Tulikuwa na matawi mawili, moja Kisauni na moja Likoni, ng'ambo ya feri, na kila tawi likapewa kompyuta iliyopiga simu Changamwe kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine. Mteja akitaka lori, karani wa tawi anajaza fomu kwenye skrini, anabonyeza kutuma, nasi Changamwe tunalitoa lori. Fomu ile niliiandika mimi, kila mstari.

Lakini laini za simu za siku zile zilikuwa na maringo. Karani anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Anabonyeza kwa hasira mara mbili nyingine, kisha zote nne zinafika kwa pamoja. Ndivyo malori manne yalivyofuatana mpaka Bofu kubeba makochi ya bwana mmoja aliyekuwa akihama nyumba ya vyumba viwili. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Yule bwana alisema hakujua kama ana mali kiasi hicho.

Basi nikabuni dawa. Kila fomu ikifunguliwa, seva inatunga namba ya tarakimu nne na kuichora chini ya fomu. Karani anainakili kwenye kisanduku ndipo anatuma. Namba ikishatumika mara moja imekufa. Ukibonyeza mara kumi, ya kwanza inapita na tisa zinarudi. Malori ya msafara yakaisha, meneja akanipa mkono mbele ya madereva, na kichwa changu kikaongezeka ukubwa.

Karani wa Likoni alikuwa Bi Riziki. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mtoto wa maalimu, mzaliwa wa pale pale. Kompyuta aliifundishwa akiwa na miaka hamsini, na alijifunza kama alivyojifunza Kurani chuoni utotoni: anasikiliza, anarudia, anaandika. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo aliandika kila alichofanya na kila alichoambiwa. Mimi nilimtania kwamba hata akipiga chafya ataiandika. Alinijibu, "Ikinizuia kazi n'taiandika."

Nyumbani kwao kulikuwa na saa ya ukutani ya marehemu babake, iliyofuata Kiswahili. Hili nyinyi wengi hamlijui. Sisi mkono wa saa ukiwa kwenye tisa asubuhi tunasema ni saa tatu, na hatuoni ajabu, tumeshazoea kusoma hivi na kutamka vile. Lakini baadhi ya wazee wa pwani waliona huo ni upuuzi. Jua likizama ni saa kumi na mbili, basi na mshale uwe kwenye kumi na mbili. Saa ya maalimu ilisema tatu ikiwa saa tatu. Bi Riziki alikulia chini ya saa hiyo, na za Kizungu alizijua pia. Alizijua zote mbili, kuliko mimi.

Sasa ndiyo balaa lenyewe. Stima za umeme zilipotea Likoni siku mbili, ziliporudi kompyuta ya Bi Riziki ikawa imesahau tarehe, inadhani ni miaka mingi nyuma. Nilivuka, nikaibadilisha ile betri ndogo ya ndani, nikakimbilia feri. Mengine tukamalizia kwa simu alasiri ile ile. Kesho yake fomu ya Likoni ikaanza kukataa.

Bi Riziki anafungua fomu, namba inatokea, anainakili, anatuma. Jibu linarudi: "Namba si sahihi. Jaribu tena." Anajaribu tena, namba nyingine, jibu lile lile. Kisauni wanatuma bila shida. Changamwe tunatuma bila shida. Likoni peke yake, kutwa.

Vijana, niulizeni nilifanya nini. Nilimlaumu Bi Riziki. Kwanza nilimwambia kwa simu kwamba anachanganya moja na saba. Akasema, "Mwanangu, mato yangu hayajafa," maana macho kwao ni mato. Nikamwambia anaacha nafasi kabla ya namba. Haachi. Nikamwambia anafungua fomu mbili kwa pamoja, ya pili inaifuta namba ya kwanza. Hilo ni kosa la kweli, na mkitengeneza fomu za namna hii mlichunguze mapema, lakini yeye hakuwa akilifanya. Nikaandika upya tarakimu ziwe kubwa kama za mabango. Ikakataa kwa maandishi makubwa.

Mwisho nikavuka mwenyewe. Kaunta ilikuwa imejaa wateja na madereva wanaongoja. Nikasimama nyuma yake, akajaza, ikakataa, nami kwa kutaka kuonekana hodari nikasema kwa sauti, "Bi Riziki, kompyuta haitaki vidole vya kusukia ukili." Watu wakacheka. Mnajua ukili, ile miyaa inayosukwa ya kushonea mikeka. Kwao walisuka, tena kwa sifa. Alivuta daftari lake, akaandika, akaendelea kuwaita wateja na kuagiza malori yao kwa simu, mmoja mmoja, bila kupandisha sauti. Nikasukuma kiti chake pembeni nikajaribu mwenyewe. Ikakubali mara moja, kisha ikakataa mara sita. Hata ile moja sikuijua imepitaje. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kipande cha majaribio ndani ya fomu, kinachopitisha kila fomu yenye jina langu, na mara ile ya kwanza nilikuwa nimelijaza. Lakini wakati ule ilinitosha kusema kwamba mwenye kujua anapita.

Maneno hayo niliyafikisha kwa meneja. Alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka, si mbaya. Akasema, "Charo, Likoni inapoteza wateja. Kama Ijumaa bado inakataa, Jumatatu nampeleka karani mwingine. Huyo mama apumzike." Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua mshahara ule ndio ulioendesha nyumba ya Bi Riziki, yeye na mama yake mzazi asiyeinuka kitandani. Nilijua pia kwamba mtaa mzima humletea barua zao awasomee, na sasa ingesemwa kwamba kafukuzwa kwa kushindwa kunakili namba nne. Niliyajua yote hayo nikaitikia.

Jumatano asubuhi, nikiwa kwenye seva, nikasikia hodi. Ni Bi Riziki, na buibui lake na daftari lake. Amefunga tawi kwa ruhusa ya nusu siku, amevuka, amepanda mpaka Changamwe.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba. Nipe kiti kwenye mashine yako. Wewe kaa kule, usinikaribie."

Akakaa. Akafungua fomu, akanakili namba, akatuma. Imepokelewa. Tena, imepokelewa. Mara kumi, zote kumi, kwa vidole vile vile nilivyovisema. Makarani wa Changamwe wakawa wamesimama wanaangalia. Alipomaliza akafunga daftari.

"Basi si vidole," akasema. "Kesho ndoo kwangu, utafute kwengine." Ndoo kwao ni njoo.

Wallahi, nimefanya kazi na mainjinia waliosoma ng'ambo, na sijaona jaribio safi kuliko lile. Ukitaka kujua kama kosa ni la mtu au la mashine, mpeleke mtu yule yule kwenye mashine nyingine. Mimi mwenye cheti sikuliwaza. Yeye aliliwaza katika wiki iliyokaribia kuwa yake ya mwisho kazini.

Usiku ule nilimkumbuka Mzee Kombo, nikaona aibu. Alhamisi nikachapisha kutoka kwenye seva orodha ya namba zote zilizotolewa kwa Likoni, nikavuka, nikavuta kiti, nikatia mikono mfukoni.

Hapa niwaeleze kidogo jinsi fomu ile ilivyofanya kazi, msije mkapotea. Seva ikitunga namba haiwezi kukumbuka ni ya nani, kwa hiyo humpa yule aliyefungua fomu tiketi, kama unavyopewa kikaratasi ukiwekesha baiskeli sokoni. Unaporudisha namba unarudisha na tiketi, seva inaangalia: naam, mwenye tiketi hii nilimpa namba hii. Tiketi ina muda, yangu niliipa robo saa. Na anayeitupa muda ukiisha si seva, ni kompyuta ya karani yenyewe, kwa kuangalia saa yake yenyewe.

Karatasi yangu ilionyesha kila namba ilitoka saa ngapi na tiketi yake ingekufa saa ngapi. Daftari la Bi Riziki lilionyesha kila namba ilikataliwa saa ngapi, maana alinakili saa ya pembeni mwa skrini. Nikasema tulinganishe. Yeye asome, mimi nitie alama.

"Saa tatu na dakika saba, imekataa," akasoma.

Nikatafuta kwenye karatasi, nikaiona, nikatia alama.

"Saa tatu na kumi na mbili, imekataa."

Nikatia alama. Tukaenda hivyo ukurasa mzima, zote zinalingana, nami nazidi kukata tamaa. Bi Riziki akainama akachungulia karatasi yangu.

"Mbona yako imeandikwa tisa na saba?"

"Ndiyo hiyo saa tatu na dakika saba, Bi Riziki."

"Najua ndiyo saa tatu, Charo. Lakini kompyuta yangu imeandika tatu. Je, nayo inajua kutafsiri kama wewe?"

Nikaangalia pembeni mwa skrini. Nilikuwa nimeiangalia saa ile siku ile ya ukili, na tena asubuhi hiyo, mara zote nikaona tatu na ushee asubuhi, nikaona sawa, kwa sababu nje kweli ilikuwa saa tatu na ushee asubuhi. Kando yake kulikuwa na zile herufi mbili ndogo zinazosema kwamba ni baada ya adhuhuri. Kompyuta ya Likoni iliamini ni alasiri. Ilikuwa mbele ya dunia nzima kwa muda wa saa sita. Seva inaipa tiketi ya robo saa, yenyewe inaangalia saa yake, inaona tiketi hiyo imekufa tangu asubuhi, inaitupa papo hapo. Namba inarudi bila tiketi. Na seva, kwa maneno niliyoiandikia mimi, badala ya kusema "Sina habari na namba hii," inamwambia mtu aliyeandika sawasawa kwamba amekosea.

Nilifurahi kiasi cha kusahau adabu. Nikauliza, tena kwa ukali, "Nani aliyeiweka saa namna hii?"

Bi Riziki alifunua kurasa nyuma mpaka siku ya ile betri, akanigeuzia daftari. Yalikuwa maandishi yake yaliyonyooka: "Charo kwa simu, alasiri. Asema niweke saa tisa na robo. Nimemuuliza, niweke ya Kiswahili? Akajibu, kwani mimi nimekusemesha Kizungu? Nimemuuliza A au P. Asema mchana ni P. Nimeweka 9:15 P. Akasema vizuri."

Nilisoma mara mbili. Niliikumbuka simu ile yote. Nilikuwa nimeangalia saa yangu ya mkononi, mshale kwenye tatu, mdomo ukasema tisa. Aliponiuliza ya Kiswahili nilidhani ananicheka kwa Kiswahili changu cha kwetu Kaloleni, kama kawaida yake, nikamrudishia utani. Alikuwa ameuliza swali la fundi, na fundi akamjibu mzaha.

Nikarudisha saa mahali pake. Akafungua fomu, akanakili, akatuma. Imepokelewa. Hakufurahi wala hakunitazama. Akaandika kwenye daftari: imekubali.

Nilirudi Changamwe nikaingia kwa meneja siku ile ile, nikamwambia kosa ni langu, la saa na la maneno ya fomu, na kwamba hata lile la mwenye kujua anapita lilikuwa la uongo. Akasema haya, mama abaki, mambo yaishe kimyakimya. Nikapiga simu Likoni haraka nimpe habari njema.

"Nimesikia," Bi Riziki akasema. "Kazi yangu sikuibiwa na meneja, n'liibiwa na wewe, na umeirudisha, ahsante. Lakini jina langu uliliangusha mbele ya watu. Usiliokote chumbani. Ndoo uliokote pale pale."

Nilijaribu kusema kwamba watu wameshasahau. Akaniambia kesho watakuwepo kuanzia saa mbili.

Sikulala vizuri. Msidhani ni rahisi kwa mwanamume mwenye cheti. Ijumaa saa mbili na nusu nilikuwa mbele ya kaunta ya Likoni, watu kumi na zaidi, wengine wale wale. Bi Riziki alikuwa kitini, anajaza fomu ya mtu, hakunisaidia kuanza. Nikasalimu. Nikawaambia kwamba wiki mbili malori yao yamechelewa kwa sababu yangu mimi fundi, kwamba niliamuru saa ikae vibaya, kwamba mama huyu aliniuliza vizuri nikamjibu vibaya, na ameandika kila namba sawasawa tangu siku ya kwanza. Kisha nikalisema na lile la vidole na ukili, kwa maneno yale yale, nikasema nilikosa adabu.

Dereva mmoja akaangua kicheko. "Fundi mzima hajui saa!" Na wengine wakamfuata, kaunta nzima ikawa inanicheka, na mimi nimesimama pale na mikono yangu sijui niipeleke wapi.

Bi Riziki akaacha kuandika. Akainua mkono.

"Nyamazeni," akasema. "Huyu kakosea na kavuka maji kuja kusema. Mimi nakaa hapano miaka yote hii, sijaona mwengine aliyekuja. Msimcheke."

Akanisukumia kiti cha pili kwa mguu, nikae, kisha akamwita mteja wa mwanzo, na mimi nikakaa pale kando yake mpaka karibu na adhana ya Ijumaa, kwa sababu sikuwa bado na uso wa kutoka nje.